Haji Abbud na Barakoa za Mama Wisam

Siku ya kumi na moja ya Ramadhani, Haji Abbud alifuturu kwa tende tatu na nusu glasi ya maji, akasema alhamdulillahi, kisha akarudi kitandani na kuugeukia ukuta. Supu ya dengu aliiacha ipoe yenyewe. Khaula, mke wa mwanawe, alifungua daftari na kuandika: tende tatu, supu hapana.

Khaula alikuwa mwalimu wa fizikia katika shule ya wasichana, na shule ilikuwa imefungwa tangu kabla ya mwezi kuandama. Mtu aliyezoea kupima vitu hawezi kuacha kupima kwa sababu tu amefungiwa nyumbani. Amri ya kutotoka nje kwa ajili ya korona ilipotangazwa Baghdad, jambo la kwanza alilofanya ni kubandika ratiba kwenye mlango wa friji. Kulikuwa na saa ya kuamka, saa ya mazoezi, saa ya kusoma, saa ya kuota jua, na dakika thelathini tu za habari, maana habari za siku zile zilikuwa hesabu ya maiti tu. Mumewe, Sinan, aliisoma ratiba yote, akausifu mwandiko, akarudi kulala. Binti yao mkubwa, Shahad, mwenye miaka kumi na mitatu, aliongeza mstari kwa kalamu nyekundu: saa kumi na moja, kulia, kwa hiari. Rusul, mdogo wa miaka minane, alichora jini aliyevaa barakoa.

Ilikuwa nyumba yenye kelele na ubishi, na Khaula hakuwa na wasiwasi nayo. Mtu mzima akigombana kuhusu nani kamaliza maji ya moto, mtu huyo ni mzima. Aliyemtia wasiwasi ni baba mkwe wake, ambaye hakugombana na yeyote.

Kwa miaka thelathini na miwili Haji Abbud alikuwa nahodha wa mchezo wa pete, mhebis kama wanavyouita, katika kichochoro chao cha Kadhimiya. Kila Ramadhani baada ya futari wanaume hamsini wa mtaa huu walikuwa wakikaa kwa safu mbele ya wanaume hamsini wa mtaa mwingine. Upande mmoja hujifunika blanketi na kuficha pete ndani ya ngumi moja. Nahodha wa upande wa pili hupita mbele ya ngumi mia, akiangalia nyuso. Ngumi anayoona ni tupu huiambia ifunguke. Akifika kwa mwenye pete, husema neno moja tu: lete. Akipatia, mtaa mzima humbeba juu. Akikosea, hunyamaza, na walioshindwa ndio huleta sinia la zlabia, zile tambi nene za unga zinazokaangwa na kutoswa kwenye shira mpaka zing'ae. Haji Abbud alikuwa ameleta zlabia mara chache mno, na za miaka mingi nyuma.

Mwaka huu hakukuwa na safu wala blanketi. Alianza kwa kulala mchana. Kisha akalala na jioni. Kisha akaacha kunyoa ndevu, na suruali ikaanza kumvuka kiunoni.

Daktari alimsikiliza Khaula kwa simu kwa utulivu, kwa sababu Khaula alimsomea daftari zima. Mwisho akamwambia kwamba hasikii ugonjwa mpya katika maelezo yale. "Lakini mzee wa miaka sabini na minne asiyekula na asiyetembea, ugonjwa utamfuata hapo hapo alipo. Nakupa wiki moja, mwalimu. Asipobadilika, mleteni hospitali."

Khaula alikata simu, akakaa jikoni. Hospitali mwezi ule mgonjwa aliingia peke yake, akalala peke yake, na jamaa wakasubiri simu. Haji Abbud akipelekwa mahali asipoona uso wa mtu, hatarudi. Hilo hakuliandika.

Kesho yake alivua pete yake ya ndoa ili akande unga, akaiweka kando ya sinia. Aliponawa mikono, pete haikuwepo. Aliwauliza mabinti, wakakana wote wawili kwa pamoja. Alimuuliza Sinan, ambaye alisema akiwa usingizini kwamba pete ameivaa yeye, na kwa kweli alikuwa ameivaa, ila ilikuwa yake. Khaula alikuwa ameanza kupekua pipa la taka pale sauti ilipotoka chumba cha pili, nzito, kama ya mtu anayeongea na ukuta.

"Mdogo. Mkono wa kulia."

Rusul alifungua mkono wa kulia. Pete ilikuwa humo. Akaenda mlangoni kwa babu yake, macho yamemtoka, akamuuliza ameonaje na hali kageukia huko. Haji Abbud alijibu bila kugeuka. Mtoto huyu akishika kitu cha watu huvuta pumzi na kusahau kuitoa. Na dakika ile kitasa cha mlango kililia kama kinapogeuzwa kwa kushoto, na kushoto si mkono wake.

Khaula alisimama pale na unga vidoleni. Kisha akaenda kulifuta neno mazoezi kwenye ratiba na kuandika mahali pake: pete.

Alasiri ile aliwaingiza wote chumbani mwa mzee na pete imefichwa. Haji Abbud aliipata bila kufumbua macho. Siku ya pili Khaula aliwapa amri ya kubana pumzi, na mzee ikambidi ageuke. Siku ya tatu walikaa sebuleni na kukataa kabisa kwenda kwake, na Sinan akapaza sauti kwamba hajawahi kuona nahodha akiingia mchezoni na nguo za kulalia. Kisha wakasikia maji bafuni. Haji Abbud alitoka amenyoa, amevaa kanzu iliyopigwa pasi, akawapita mmoja mmoja kama mkaguzi wa gwaride. Alipata pete mara sita mfululizo, na jioni akala nusu bakuli la supu. Khaula aliandika nusu bakuli na kupiga mstari chini yake mara mbili.

Siku ya nne alikataa kuamka.

Alisema hawa anawajua tangu wakiwa tumboni. Shahad hupandisha nyusi, Rusul hubana pumzi, Sinan akishika pete huwa mpole kama bwana harusi, na Khaula, samahani mwanangu, uso wake ni dirisha lisilo na pazia. Hakuna mchezo hapo. Akaugeukia ukuta tena. Jioni ile alikula tende mbili, na siku zilizobaki kwenye wiki ya daktari zilikuwa tatu.

Khaula alipanda juu ya paa kuanika nguo, na ukweli ni kwamba alipanda kulia kidogo, kwa hiari. Mapaa ya kichochoro kile yanatazamana kwa karibu, hatua nne au tano, na kuta zake fupi zenye matundu makubwa zinamfika mtu magotini. Upande wa pili Mama Wisam alikuwa anageuza nyanya zake juani. Alikuwa mjane wa miaka sitini na kitu, mwenye mikono minene na ulimi usio na breki, akiishi na binti zake wawili na kaka yake, Mundhir, fundi saa aliyestaafu, mtu mkimya kama kabati. Alimuuliza Khaula kwa nini anaanika soksi zilizokwisha kukauka. Khaula akamwambia yote.

Mama Wisam alisikiliza mpaka mwisho, akipangusa mikono kwenye aproni.

"Sikiliza, shoga. Miaka thelathini mechi zimechezwa hapo chini ya dirisha langu, na miaka thelathini mimi nimekaa nyuma ya pazia na sahani ya mbegu. Baba mkwe wako wanasema anasoma roho za watu. Roho gani? Anasoma midomo tu. Wanaume wazima wanajibana mikono na kusahau mdomo, basi yeye anaona kaona siri ya mbingu. Mwambie mimi nimesema. Na usipunguze chumvi."

Khaula hakupunguza. Alisimama mlangoni mwa chumba akaurudia ujumbe wote, pamoja na sahani ya mbegu.

"Nani kasema?"

"Mama Wisam, baba."

"Mama Wisam yupi?"

"Wa hapo mbele. Yuko mmoja tu."

Mzee aligeuka. Akakaa. Akatafuta kandambili kwa miguu bila kuangalia chini.

"Huyu aliyewahi kunimwagia maji ya maua kichwani siku ya fainali?"

"Alisema ilikuwa bahati mbaya, baba."

"Ilikuwa ndoo," alisema Haji Abbud, na akaomba wembe.

Walikubaliana kucheza Alhamisi baada ya alasiri, kabla ya magharibi. Haji Abbud alilalamika kwamba mhebis wa mchana, watu na funga zao, ni kama arusi bila bibi harusi, lakini hakulalamikia lingine lolote. Kanuni aliziandika Khaula. Kila nyumba ina pete yake, maana kitu hakipaswi kuvuka kutoka mkono hadi mkono. Kila nyumba ina wafichaji wanne. Nyumba moja inaficha, nyingine inatafuta, kisha wanabadilishana. Nahodha akiipata pete, pointi ni yake. Akisema lete kwenye ngumi tupu, pointi ni ya walioficha. Wa kwanza kufika tano ameshinda, na aliyeshindwa analeta zlabia.

Siku mbili zile za kungoja, mzee alitembea sebuleni huku na huko, mikono nyuma, na Khaula alihesabu mizunguko mpaka ikamshinda.

Hakuna aliyetangaza mechi, lakini Alhamisi ilipofika kila paa la kichochoro lilikuwa na watu, kila familia juu ya paa lake, wamejipanga ukutani kama njiwa. Mtu wa nyumba ya pembeni alileta ngoma. Mwingine alipiga zumari vibaya sana. Haji Abbud alipotokea ngazini na kanzu yake nyeupe, watu walimshangilia kana kwamba katoka Makka, naye akainua mkono mara moja tu, kwa heshima yake.

Kisha Mama Wisam na watu wake wakatokea. Wote wanne walikuwa wamevaa barakoa.

Si zile nyepesi za bluu. Mama Wisam alizishona mwenyewe kutoka kwenye pazia la zamani, kubwa, za maua, zinazoanzia chini ya macho mpaka chini ya kidevu. Haji Abbud aliwatazama kwa muda mrefu. Alisema huu ni wizi. Mama Wisam akamjibu kwamba ni amri ya wizara, nyumba mbili zikiongea zivae barakoa, na yeye hawezi kuvunja sheria kwa ajili ya mchezo.

"Au macho peke yake hayakutoshi, Haji?" aliuliza kwa upole. Mapaa yote yakalipuka kwa kicheko. Mzee alikunja mikono ya kanzu.

Mzunguko wa kwanza alikosea. Wa pili alikosea tena. Alikuwa hajakosea mara mbili mfululizo tangu Sinan akiwa mdogo. Upande wake, Mama Wisam aliipata pete mara mbili kwa Sinan bila hata kusogea, akasema kijana huyu kawa mpole kama bwana harusi, na Haji Abbud akamtupia mwanawe jicho ambalo Sinan alilikumbuka mpaka Idi. Nne kwa sifuri.

Ndipo mzee alipoomba kiti. Alikaa, akawatazama wale watu wa maua ng'ambo ya kichochoro kama mtu anayejifunza herufi upya. Aliangalia mabega. Aliangalia viatu. Alimwambia binti mkubwa afungue mikono yote miwili, kisha mdogo, kisha mkono mmoja wa Mundhir, na mwisho akanyoosha kidole kwa Mama Wisam mwenyewe. "Lete. Kisigino chako kinacheza." Na kweli alikuwa nayo.

Nne kwa moja. Wakaficha wao, na Rusul akabana pumzi mpaka akawa mwekundu kama nyanya, lakini pete alikuwa nayo Shahad, na Mama Wisam akaingia mtegoni. Nne kwa mbili. Ngoma ilishika kasi.

Katikati ya kelele zile gari la polisi likaingia kichochoroni taratibu, na kipaza sauti kikawakumbusha raia wema kwamba mikusanyiko imepigwa marufuku. Watu walimjibu afisa kutoka juu kwamba hakuna mkusanyiko, kila mtu yuko kwake. Afisa alitoka garini, akainua kichwa, akageuka mzunguko mzima akizitazama familia ukutani. Kipaza sauti kilikoroma. Kisha kikauliza ni nani anayeongoza.

Walimwambia. Afisa hakuondoka. Aliegemea gari lake, na Haji Abbud alipokuwa anapima mkono wa kushoto wa Mundhir, kichochoro kizima kilisikia sauti ya serikali ikisema, "Haji, mimi ningejaribu wa kulia." Mapaa yote kwa pamoja yalimtaka afisa anyamaze, pamoja na bibi mmoja wa miaka tisini. Afisa aliomba radhi kwa kipaza sauti. Haji Abbud alichukua wa kushoto, na pete ikawa humo.

Wakafika nne kwa nne. Zamu ya kuficha ikawa ya Mama Wisam, na ilikuwa ya mwisho.

Watu wake walijifunika blanketi. Khaula, aliyekuwa amehangaika kutafuta pa kusimama, alijikuta amepanda jukwaa la tangi la maji, na kutoka pale, juu ya ukingo wa blanketi, aliona. Pete iliingia mkono wa kulia wa binti mdogo. Aliona wazi, kama anavyoona kalamu ubaoni. Hakukusudia. Lakini sasa alijua, na kila alichokijua kilimjia kwa mara moja: wiki ya daktari inaisha leo. Mtu aliyeinuka kitandani kwa sababu ya mchezo, akishindwa mchezo huo mbele ya mtaa mzima, ataenda wapi? Alihitaji tu kukohoa mara moja na kutazama upande wa kulia.

Hakukohoa. Alikuwa bado anajiuliza kama akohoe, pale Haji Abbud alipoacha kuwatazama watu wa ng'ambo na kumgeukia yeye.

Alimtazama kwa muda usiozidi pumzi mbili. Kisha akasema kwa sauti ya chini, ya watu wawili tu, "Umeona."

Khaula aliitikia kwa kichwa.

"Shuka hapo, mwanangu. Uso wako unapiga kelele, na mimi si kiziwi."

Kisha akasimama kwenye ukuta, akainua mkono mpaka ngoma ikanyamaza, na kumwambia Mama Wisam afiche upya, kwa sababu nyumba ya Abbud imechungulia. Mapaa yalizomea kwa furaha isiyo na kifani. Sinan alijifunika uso. Mama Wisam alimtazama mzee juu ya maua ya barakoa yake. Aliinamisha kichwa kidogo, wakajifunika tena.

Haji Abbud alichukua muda mrefu. Alizifungulisha ngumi za mabinti wote wawili, zikawa tupu. Akaifungulisha ya kulia ya Mundhir, tupu. Ikabaki ya kushoto ya Mundhir na mbili za Mama Wisam. Aliangalia visigino, navyo vilikuwa vimetulia. Aliangalia mabega. Jua lilikuwa linashuka nyuma ya kuba la msikiti, na watu wenye funga walikuwa wamesahau kwamba wana funga.

"Lete, Mundhir."

Mundhir alifungua mkono. Hakuwa na kitu. Mama Wisam alifungua wake, taratibu, na pete ya feruzi ikawaka kiganjani.

Kelele zilizofuata zilisikika mpaka mtoni. Afisa alibonyeza king'ora. Mabinti wa Mama Wisam walikuwa wanaruka. Khaula hakuwatazama. Alimtazama mzee, ambaye alikuwa amekaa kitini, mikono juu ya magoti, kichwa chini, mabega yakitikisika. Alimkimbilia, akapiga magoti mbele yake, akamshika mikono, akatafuta la kumwambia.

Haji Abbud alikuwa anacheka. Alicheka mpaka machozi yakamtiririka mashavuni. Alijaribu kusema akashindwa, akajaribu tena.

"Miaka thelathini," alisema mwishowe. "Miaka thelathini mwanamke huyu amekaa nyuma ya pazia, na sisi huku tunashindana na vipofu."

Adhana ilipolia alifuturu akiwa amesimama, kwa sababu alikuwa bado anaeleza. Alieleza makosa ya Sinan, ambayo yalikuwa mengi, huku anakunywa supu, na alipoomba bakuli la pili hakugundua kwamba ameomba. Alisema watu wote wa nyumba hii kuanzia kesho watavaa barakoa mchana kutwa ili ajizoeze macho. Alisema Rusul atafundishwa kupumua. Kisha akauliza zlabia iko wapi.

Khaula alimwambia maduka yamefungwa na aliyeshindwa itabidi asamehewe.

Haji Abbud alimtazama kana kwamba amesema kitu cha aibu mbele ya wageni. Akaingia jikoni, mahali ambapo katika miaka kumi na mitano Khaula hakuwahi kumwona akiingia ila kuuliza chai. Alivaa aproni. Aliomba unga, hamira, sukari na zafarani, akachapa unga kwa nguvu za mtu mwenye kisa, na akawa anamimina kwenye mafuta ya moto vitu ambavyo havikufanana na zlabia wala na chochote kingine. Shahad alisema kimoja kinafanana na ramani ya Basra. Kila kilichoharibika mzee alikitosa kwenye shira, akakitazama kwa hasira, akakila, ili ushahidi usibaki. Viliharibika vingi sana.

Simu ya Khaula ililia. Ilikuwa namba ya daktari. Aliichukua kwa vidole vilivyonata, akaanza kusema kwamba hali ya mzee imebadilika kidogo, lakini daktari hakumsikia, akauliza ni nani huyo anayefoka hapo nyuma na kwa nini.

"Mwambie apige baadaye," alisema Haji Abbud, mdomo umejaa. "Shira inaungua."